Hesperis matronalis: ua la kuchumwa bila huruma

Ifikapo Mei, kingo za misitu na kando za barabara kaskazini mwa Marekani na kusini mwa Kanada hujaa maua ya zambarau, ya waridi na meupe ambayo wapita njia wengi huyaita floksi, jina la mmea mwingine wa maua unaofanana nayo. Mara nyingi si floksi. Ni Hesperis matronalis, mmea wa jamii ya haradali wenye asili ya Ulaya na Asia, uliopelekwa huko na walowezi kuwa pambo la bustani, kisha ukatoroka. Naisisitiza tofauti hiyo kwa sababu floksi za misitu hiyo ni wenyeji, na anayekosea ataishia kumng'oa mwenyeji na kumwacha mvamizi.

Anza na ua lenyewe. Hesperis ina petali nne zilizokaa kama msalaba, kila moja ikiwa imejitenga na nyenzake hadi chini, ilhali floksi ina tano zilizoungana zikafanya mrija mwembamba. Ukizipanua petali hizo nne taratibu utakuta stameni (viungo vya kiume vya ua) sita, nne ndefu na mbili fupi, mpangilio unaoitambulisha jamii nzima ya haradali. Kama maua hayajafunguka, tazama majani: ya Hesperis hupishana kwenye shina, yana meno madogo ukingoni na vinyweleo vinavyokwaruza kidogo ukiyapapasa, ya floksi hukaa mawili mawili yakielekeana, na ukingo wake hauna meno. Baadaye maganda marefu membamba, yaliyobanwa kati ya mbegu na mbegu, hutokeza chini ya shada ambalo juu bado linachanua, na hapo ubishi huisha.

Raha yake kubwa, kwa maoni yangu, ni harufu. Mchana hunukia kwa mbali tu, lakini jua likishazama huachilia harufu tamu inayokaribia ya karafuu, nayo huwavuta nondo. Tena, tofauti na maua ya porini ambayo huwa nawasihi watu wayaache yalipo, haya yachume upendavyo uyatie kwenye chombo cha maji, mradi mwenye ardhi ameridhia, kwani kila shada linalokatwa kabla ya kufunga mbegu ni mbegu nyingi zisizoanguka. Shina lililokatwa huweza kuchipua na kuchanua tena, kwa hiyo rudi ukague. Ukitaka kuumaliza kabisa, ung'oe na mzizi wake udongo ukiwa na unyevu. Mimea iliyokwisha kutoa maganda usiitupe kwenye mboji, maana mbegu huweza kuendelea kukomaa hata baada ya kung'olewa: ifunge ndani ya mfuko.

Nchini Marekani, jimbo la Massachusetts limepiga marufuku uuzaji wake, na jimbo la Colorado limeuweka katika orodha ya magugu hatari. Hata hivyo mbegu zake zimekuwa zikichanganywa katika baadhi ya pakiti zinazouzwa kama maua ya porini, basi kabla ya kununua, soma majina ya Kilatini yaliyoandikwa nyuma ya pakiti.