Je, wajua kwa nini gari lililoinuliwa hutangatanga kwenye lami?

Simama kando ya barabara kuu pale Nakuru Ijumaa jioni utazame magari yanayopita. Prado, Hilux na Land Cruiser zilizoinuliwa, yaani zilizofungwa springi ndefu ili bodi ikae juu, hazikosi, na nyingi zina matairi ya matope yanayosikika kabla gari lenyewe halijakufikia. Ila sehemu kubwa ya maisha yake, gari hilo hukanyaga lami: asubuhi kazini, jioni nyumbani, mwisho wa mwezi Kisumu kupitia Kericho. Tope la Molo au Mau Narok ni la siku chache. Ndiyo maana nashikilia kwamba matairi na rimu vichaguliwe kwa kufuata barabara unayoipita kila siku.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Springi ndefu huinua bodi. Haziinui difu ya nyuma, lile kasha la gia lililo katikati ya ekseli, kwa kuwa difu imo kwenye ekseli, na ekseli imebebwa na magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka.

Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi la 265/70R16, saizi iliyokuja na Prado nyingi za zamani. 265 ni upana kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukipiga hesabu, tairi zima lina kipenyo cha milimita 777 hivi. Sasa weka 285/75R16, saizi ambayo wengi huikimbilia mara tu gari linapoinuliwa, na utapata 834. Umeongeza milimita 57, na difu imepanda 28 basi.

Hizo 28 unazilipia kila siku. Tairi limekuwa kubwa kwa asilimia 7, kwa hiyo spidomita ikionyesha 80, wewe uko karibu 86. Viwandani spidomita hupangwa isome juu kidogo ya mwendo halisi, na akiba hiyo sasa umeimaliza. Gia zote nazo zimerefuka kwa asilimia hiyo hiyo. Utalijua hilo unapopanda kutoka Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenda Timboroa iliyopita mita 2,700, gari likikulazimisha kushusha gia mahali ulipokuwa ukipita bila taabu. Na breki? Diski ni zile zile, lakini zinashika gurudumu kubwa na zito zaidi, kwa hiyo ukikanyaga pedali kwa nguvu ile ile, gari halishiki kama zamani. Mtu anayeteremka Sachangwan kuelekea Salgaa, lori lililojaa likiwa mbele yake, hana breki ya kupoteza.

Sasa kutangatanga kwenyewe. Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser 80 au 79, kuinua bodi huizungusha ekseli kidogo kwenye mikono inayoishikilia. Mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokata kona, ambao kiwandani juu yake huegemea nyuma kidogo, unasimama wima zaidi. Mwegemeo huo ndio unaourudisha usukani katikati baada ya kona. Ukipungua, gari halitulii kwenye mstari. Unalirekebisha kushoto, unalirekebisha kulia, na ukifika Londiani mabega yanauma. Dawa yake ni bushi maalumu (mpira wa kwenye maungio ya mikono hiyo) au mikono mipya ya ekseli, kisha alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu. Kwenye Prado na Hilux za kisasa, ambazo kila gurudumu la mbele hujitegemea, kuinua huyainamisha magurudumu pia, na tairi huanza kulika bega moja, yaani ukingo mmoja wa meno yake. Tairi jipya haliwezi kuponya kasoro hiyo. Litalika tu kama lililotangulia, na wewe utamlaumu muuzaji.

Rimu huongeza yake. Tafuta herufi ET na namba iliyo mbele yake. Hiyo ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi sehemu inayokaa kwenye habu, kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Namba ikishuka, gurudumu linatoka nje: kutoka ET30 hadi ET0, kila gurudumu limesogea nje milimita 30. Shika ndoo ya maji karibu na kifua, kisha uinyoshe mbele; mzigo huo unaouhisi begani ndio unaozifikia beringi. Usukani nao unavutwa kila tairi moja likigonga shimo au ukingo wa lami. Hata hivyo, milimita 10 au 15 nje ninazikubali, kwa sababu gari lililopanda juu linahitaji msimamo mpana zaidi ili lisilale kwenye kona. Kinachonitia wasiwasi ni rimu za kutoka nje kabisa kwa ajili ya urembo. Upana nao uangalie: tairi la 285/75R16 linataka rimu ya inchi 7.5 au zaidi, na rimu za awali za Prado hizo mara nyingi ni za inchi 7.

Kuhusu meno ya tairi. Meno makubwa yaliyoachana hulichota tope na kulitema nje, kazi inayofaa sana kwenye udongo mweusi wa nyanda za Kano. Ila kwenye lami iliyolowa, kinachoshika ni wingi wa mpira unaogusa barabara pamoja na mikato myembamba iliyochorwa juu ya meno, na tairi la matope lina uhaba wa vyote viwili. Upande wa Kericho mvua ya alasiri ni jambo la kawaida, na hapo ndipo utofauti hujitokeza unapokanyaga breki ghafla. Kwa dereva wa mjini anayeingia shambani mara moja moja, tairi mseto la lami na vumbi linatosha. Anayeishi ndani kabisa ya Ahero, ambako njia hugeuka uji kila masika, anunue la matope bila kusita, kisha apunguze mwendo akifika lami.

Mimi ningechagua 275/70R16, saizi iliyokuja na Land Cruiser 80. Kipenyo chake ni milimita 791, hivyo spidomita ikisema 80 uko 81 na kidogo. Kabla ya kulipa, soma namba ya uzito ubavuni: 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. Herufi inayofuata ni ya mwendo. Q huishia kilomita 160 kwa saa. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama tairi limefutwa vumbi likang'aa dukani.

Nunua matano, si manne. Gari la magurudumu manne yanayovuta muda wote, kama Prado, likifungwa spea ya kipenyo kingine, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inahangaika kila mzunguko mpaka ipate moto.

Fundi akishafunga, mwombe akate usukani hadi mwisho kila upande, huku wewe ukimulika tochi ndani ya madigadi kutafuta alama za mpira uliosugua. Kwa upepo, chora mstari wa chaki kukatiza meno yote, endesha moja kwa moja mita mia hivi, kisha tazama. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikibaki katikati huku mabega yamefutika, ongeza. Halafu baada ya kilomita 80 hadi 100 za mwanzo, zikaze nati tena kwa spana ya kupima nguvu, kwa maana rimu mpya hulegea kidogo zinapokaa mahali pake.