Matapeli wenye suti: dhana potofu na ukweli kuhusu filamu za kuingizana mjini

Vibanda umiza, vile vya kuonyeshea filamu mitaani, vya Mabatini na Igoma hapa Mwanza vikifunga usiku, ubishi wa filamu haufungwi navyo. Unahamia kwenye daladala, kwa muuza kahawa, na asubuhi unaukuta mwaloni Kirumba watu wakipakia dagaa. Filamu za ngumi hazina ubishi mrefu: stelingi hafi, basi. Watu wanabishana hasa kuhusu filamu za matapeli, zile ambazo mtu mwenye suti safi anamliza tajiri bila kurusha hata kofi, na huku mnacheka. Mimi nazipenda kuliko aina nyingine yoyote, na inaniuma zinapohukumiwa kwa mambo yasiyo kweli.

Dhana: utamu wote uko mwisho, ukishaujua mwisho filamu imekufa

Ingekuwa hivyo, nani angeirudia? Na watu wanazirudia kweli kweli. Filamu nzuri ya aina hii haifichi tukio, inaficha maana ya tukio. Ukiitazama tena, mtu ni yule yule na maneno ni yale yale, ila sasa unajua yuko upande wa nani, na kila anachosema kina ladha nyingine. Inayokufa ni ile mbovu, inayokuja dakika za mwisho na pacha au funguo ambayo hukuwahi kuonyeshwa. Hapo mtazamaji amedhulumiwa.

Kwa hiyo mara ya kwanza unalaghaiwa, mara ya pili unaona ulivyolaghaiwa, na raha zote mbili ni haki yako. Ndugu zetu wanaotafsiri filamu kwa sauti walikumbuke hili. Kwenye filamu ya vita, mtafsiri akiongeza chumvi hakuna hasara. Kwenye filamu ya matapeli, akitangulia kusema "huyo askari ni mwenzao," amekunyang'anya ile raha ya kwanza, na hairudi tena.

Dhana: kinachotuvutia ni akili nyingi za tapeli

Akili ipo, lakini mtambo wenyewe unaendeshwa na tamaa ya anayetapeliwa. Sisi tulilijua hili kabla ya sinema. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na kisufuria ndani yake, akasema imezaa. Jirani akapokea vyote viwili bila swali. Safari nyingine akaiazima, siku zikapita, jirani alipoifuata akaambiwa sufuria imefariki. Akaja juu: sufuria inakufaje? Lakini aliyekubali kwamba inazaa atakataaje kwamba inakufa? Kile kisufuria kilikuwa chambo, na ndicho kilichomziba mdomo.

Sasa tazama The Sting ya mwaka 1973, iliyoongozwa na George Roy Hill, wakicheza Paul Newman na Robert Redford. Hadithi iko Chicago, mwaka 1936. Ndani ya treni, Newman anaingia kwenye meza ya karata akijifanya amelewa. Anamwita bosi wa majambazi kwa jina lililokosewa, makusudi, anarudia tena na tena, na pua anaifuta kwa tai. Bosi anachemka. Kwa wizi, amejipangia tisa nne, anaweka hela kwa fujo. Newman anafunua jeki nne, zinazozishinda tisa. Bosi anajua ameibiwa, lakini atalalamika vipi mbele ya wenzake? Aseme yule jamaa ameiba vizuri kuliko yeye? Anameza. Kicheko cha kibanda kizima kinatoka hapo, kwenye uso wa mtu mwenye nguvu zote ambaye tamaa yake imemfunga mdomo.

Dhana: komedi ni kuanguka, kupiga kelele na kukodoa macho

Kwenye tukio hilo la treni Newman hachekeshi mtu yeyote pale mezani. Wachezaji wenzake wanamwona mlevi msumbufu tu. Anayecheka ni wewe, kwa sababu unajua wasichokijua. Mchekeshaji anayetukonyeza ili tujue anachekesha ameshaiharibu kazi.

Dhana: suti na muziki ni mapambo tu

Suti ni kitendea kazi cha tapeli. Hakuna anayekabidhi fedha nyingi kwa mtu aliyevaa kandambili. The Sting ilipata Oscar 7, ikiwemo ya filamu bora, na moja ilikwenda kwa mbunifu wa mavazi, Edith Head. Muziki nao: piano unayoisikia ni tungo za Scott Joplin, aliyefariki mwaka 1917, karibu miaka 20 kabla ya wakati wa hadithi. Kwa kalenda, muziki huo umepitwa. Lakini kumbuka kwamba hadithi inaanza na mzee kuuawa na rafiki yake kutaka kulipiza kisasi. Bila ile piano ungekaa msibani saa mbili nzima. Piano inakupa ruhusa ya kucheka tangu mwanzo, na hilo haliwezi kuitwa pambo.

Dhana: zinafundisha watu utapeli

Anayekutumia ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hakuhitaji kutazama filamu yoyote. Mchezo mkubwa wa The Sting ni duka la bandia la kubeti farasi, ambako matokeo yanayokuja kwa telegrafu yanacheleweshwa makusudi. Leo kila aliyeweka mkeka ana matokeo kwenye simu yake. Kuna tofauti nzito zaidi. Tapeli wa mtaani anamliza mama aliyetunza ada ya mtoto. Filamu inamchagua jambazi, na ikithubutu kumchagua yule mama, kicheko kinakatika papo hapo. Nawaheshimu waandishi wanaolinda mpaka huo.

Dhana: lazima uwe na kasino, helikopta na hela za Marekani

Hii inawakatisha tamaa vijana wetu wa Bongo Movie bure. Nine Queens, filamu ya Argentina ya mwaka 2000, ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya Fabián Bielinsky. Ndani yake kuna matapeli wawili wadogo, mitaa ya Buenos Aires, hoteli, na shiti ya stempu za kughushi. Inakubana mpaka mwisho.

Mwanza ina kivuko cha Kamanga, ambako mtu akishapanda hana pa kukimbilia hadi ng'ambo. Ina majumba ya Capri Point ya kumpangishia tajiri wa uongo kwa siku moja. Na ina dhahabu. Masoko ya madini yameanzishwa tangu mwaka 2019 ili biashara ifanyike mahali pa wazi na serikali ipate mrabaha wake. Sasa chukua mfanyabiashara anayetaka mzigo kutoka Geita usiku, kwa bei ya chini, bila kupita sokoni. Akigundua ameuziwa shaba iliyong'arishwa, hana polisi wa kumwendea. Mwandishi aanze na huyo, amjue vizuri kabla hajamtafuta tapeli wa kumpelekea.