Joto la Dar, ndama na ndoo mbili

Kati ya Desemba na Machi, banda la bati la chini kule Goba au Chanika ni tanuri ikifika saa saba mchana. Ndama akianza kuhema, wengi wetu humpunguzia maziwa, au huyatia maji "apoe". Ni kosa. Kule kuhema kunakula nguvu, kwa hiyo anahitaji chakula zaidi. Maziwa ya kuongezwa maji humjaza tumbo bila kumshibisha.

Ndama wa kilo 35 asipate chini ya lita 4 kwa siku. Mimi napendelea 5. Mnyweshe saa 12 asubuhi na saa 1 usiku, jua likiwa limepoa. Maziwa yawe na nyuzi 38 hadi 39, na yanywewe ndani ya nusu saa baada ya kukamua. Yaliyosahaulika kwenye ndoo mpaka mchana usimpe ndama.

Ndoo ya pili ni ya maji, kuanzia siku ya tatu. Ndama akinyonya, maziwa hupita kwenye mfereji hadi tumbo la nne kati ya manne aliyonayo. Maji huingia tumbo la kwanza, ambako pumba na mashudu huchachuka, ndiyo maana asiyepewa maji huacha hata chakula kizuri. Badilisha mara tatu kwa siku, ndoo ikae kivulini. Ila yaonje kwanza: visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji hayo usikorogee maziwa ya unga.

Chakula kikavu weka kiganja kimoja tu; unyevu wa huku hukiotesha ukungu upesi.

Kuosha ndoo, anza na maji ya uvuguvugu. Ya moto sana hugandisha protini ukutani. Pitisha kidole: ukihisi utelezi, bado chafu. Kisha maji ya moto na sabuni, uifudikize juani.

Akiharisha, finya ngozi ya shingo uiachie. Isiporudi ndani ya sekunde 2, ameishiwa maji. Mpe lita 2 za dawa ya kurudisha maji mwilini katikati ya milo, bila kukatisha maziwa. Akishindwa kunyonya, usimmiminie kwa chupa, yataingia mapafuni. Huyo anahitaji dripu. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.