Tuzo ya utafiti mtambuka kwa watafiti wa kati: maana yake nini?

Usa River, mkoani Arusha, ukimwona mtu akicheka, mara nyingi utajua kama amekulia huku. Yale madoa ya kahawia kwenye meno hayatoki kwa mswaki. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkeno ya Mlima Meru na kuingia majini. Haina rangi.

Tatizo hili ni la nani? Mwanajiolojia ataonyesha mwamba. Mkemia atapima maji, maana Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Daktari wa meno ataona madoa, mwenzake wa mifupa ataona miguu iliyopinda. Halafu kuna mama anayetia magadi kwenye makande yaive upesi. Magadi nayo yana floraidi, kwa hiyo hata akichuja maji yake vizuri, nyingine inaingia kwa mlango wa sufuria. Hapo anatakiwa mtu wa lishe, tena anayejua kukaa na watu jikoni.

Utafiti unaovuka mipaka ya fani namna hiyo ndio huitwa mtambuka. Wataalamu watano kugawana sura za ripoti moja, kila mtu na yake, bado si mtambuka. Unaanza pale mkemia anapobadilisha swali lake kwa sababu ya alichokiona jikoni.

Na "wa kati"? Ni mtafiti aliyemaliza uzamivu (PhD) miaka kadhaa iliyopita, ana wanafunzi wake, pengine ni mhadhiri mwandamizi au profesa mshiriki. Vijana wana zao: Medali ya Fields ya hisabati hupewa wasiozidi miaka 40. Wazee nao wana Nobel. John Goodenough aliipata ya kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Huyu wa kati ana vikao, mitihani ya kusahihisha na maandiko ya kuombea ruzuku. Ruzuku humuuliza mwaka wa tatu atakuwa amepata nini, na mwenye wazo geni kweli hana jibu la uhakika. Basi anaomba fedha za kazi aliyokwisha kuizoea. Kwa maoni yangu mawazo mengi mazuri hufia hapo.

Tuzo za watafiti wa kati zinalenga pengo hilo, na neno "tuzo" lisikuchanganye: si kifuta jasho cha kazi iliyokwisha. Mfano ni ile ya Max Planck-Humboldt ya Ujerumani, iliyoanza 2018. Hutoa euro milioni 1.5 za utafiti kwa mwanasayansi anayefanya kazi nje ya Ujerumani, ili ashirikiane na wenzake walioko Ujerumani, na euro 80,000 zake binafsi.

Kwetu Arusha, watu wanamkumbuka zaidi Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, aliyeshinda pauni 25,000 za tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza mwaka 2015. Ile ni tuzo ya ubunifu wa kihandisi, si ya aina hii, ila chujio la maji lililompa ushindi lina utambuka ndani yake: mchanga wa kawaida umekutana na kemia ya nano, yaani ya chembe ndogo mno, na mchanganyiko hurekebishwa kufuatana na kilichomo kwenye maji ya mahali husika.