Kusaidiana si kupewa msaada

Juzi kwenye arobaini ya jirani yetu nilimsikia mama mmoja akimnong'oneza mjane: "Jiunge na kikundi cha msaada mwanangu, wanatoa unga, wanatoa na mtaji." Si mara ya kwanza kusikia hivyo mwaka huu, ngoja leo niseme.

Kikundi cha kusaidiana ni watu waliofikwa na jambo la aina moja (msiba, saratani, ulevi, kulea mtoto mwenye usonji) wanaokutana mara kwa mara kuzungumza wao kwa wao. Basi. Hakuna mfadhili wala mgeni rasmi. Wala si kikoba. Kikoba kina hisa, na sanduku lenye kufuli tatu.

Mkanganyiko unaanzia kwenye neno lenyewe. "Msaada" linatokana na Kiarabu, musaada, na shina lake ndilo lililotupa majina Saidi na Saada, yenye maana ya heri na bahati njema. Asili nzuri kabisa. Lakini siku hizi mtu akisikia "msaada" anaona lori, magunia na foleni: kuna mkono wa juu unaotoa na wa chini unaopokea. "Kusaidiana" hakuna mkono wa juu, na kazi hiyo yote imefanywa na kile kijineno chetu cha Kibantu mwishoni, -ana. Tunasema marafiki wa kufa na kuzikana, na hakuna anayeuliza maiti atamzikaje mwenzake. Tunaelewa kwamba zamu haijulikani ni ya nani.

Mwaka 1935 Bill Wilson, Mmarekani aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alikwama mjini Akron baada ya biashara yake kuharibika. Baa ya hoteli ikaanza kumwita. Akapiga simu huku na kule kumtafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akapelekwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, naye mlevi. Hapo ndipo Alcoholics Anonymous, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ilipoanzia. Angalieni nani alikuwa anamsaidia nani: Wilson alimtafuta Smith ili yeye mwenyewe asinywe!

Ndivyo ilivyo hata kwa wajane. Aliyefiwa miaka mitano iliyopita anamwambia mgeni kwamba kumkasirikia marehemu si dhambi wala wazimu, na kwa kulisema anajisikia mwenyewe akilikubali. Mgeni naye anapata mahali ambapo hahitaji kueleza kila kitu tangu mwanzo. Daktari atabaki na kazi yake, na siri za hapo zinabaki hapo.

Kwa hiyo yule mama hakukosea kumwelekeza mjane, alikosea ahadi. Binti atafika akute viti vya plastiki, chupa ya chai na wanawake saba wasio na unga, adhani amepotea njia. Angemwambia tu: "Mwanangu, kuna wenzio wanakutana Jumamosi. Twende nikusindikize."