Kupona nyonga: kwa nini mama na baba hawaponi sawa

Kwa Kiswahili tunajua vizuri kwamba kupata nafuu si kupona. Lakini mtu akifanyiwa upasuaji wa nyonga tunausahau utofauti huo. Nyuzi zikishatolewa, majirani wanakuja na sukari na mchele, wanasema, "Mungu ashukuriwe, umepona." Kilichopona ni kidonda. Nyonga yenyewe bado ina safari ya miezi, na katika safari hiyo mwanamke na mwanaume hawaendi mwendo mmoja.

Nyonga ni pale kichwa cha mfupa wa paja, cha mviringo kama mpira, kinapokaa ndani ya kikombe cha fupanyonga. Hupasuliwa kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni kuvunjika, mara nyingi mzee kaanguka. Ya pili ni kiungo kuchakaa, au kichwa cha mfupa kufa kwa kukosa damu, jambo ambalo huku Kanda ya Ziwa linawakuta hata vijana wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tusizichanganye, maana tofauti ya wanawake na wanaume haiji kwa sura moja katika hizo mbili.

Tuanze na kuvunjika. Wanawake ndio wanaovunjika zaidi. Huko Ulaya na Marekani, ambako hesabu zimetunzwa miaka mingi, karibu watatu katika kila wazee wanne wanaovunjika nyonga ni wanawake. Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupoteza madini kwa kasi. Mama anateleza bafuni, anguko ambalo akiwa na miaka 30 angeinuka na kujipangusa, na mfupa unakatika.

Baada ya upasuaji mambo yanageuka. Wanaume waliovunjika ni wachache, lakini hatari yao ya kufariki ndani ya mwaka wa kwanza ni kubwa zaidi, na tafiti nyingi zinaikuta inakaribia mara mbili ya ile ya wanawake. Haina maana kwamba mfupa wa mwanaume hauungi. Mara nyingi mwanaume anayefikia kuvunjika nyonga alikuwa mgonjwa tangu kabla: moyo, kisukari, mapafu yaliyozoea sigara. Akilala siku nyingi mgongoni, nimonia inampata upesi.

Jirani yetu wa Igogo, mtaa wa mlimani jijini Mwanza, mzee aliyepanda na kushuka yale mawe tangu ujana wake, alifanyiwa upasuaji ukaenda salama. Akarudi nyumbani, akalala. Alipoanza kukohoa tulisema ni vumbi. Hakuna aliyemketisha, hakuna aliyemwambia avute pumzi ndefu, na yeye alikuwa mtu wa kusema "niko sawa" hata anapohema. Wiki ya saba tulimzika. Laiti ningejua siku zile kwamba kikohozi cha mzee aliyetoka kupasuliwa nyonga hakisubiri kesho.

Kwa mwenye nyonga iliyochakaa, anayebadilishiwa na kuwekewa ya bandia, habari ni nyingine. Hapa wanawake kwa wastani ndio wanaomaliza wakiwa na maumivu zaidi kidogo na mwendo mzito zaidi. Ukisikia hivyo utadhani upasuaji unawafaa kidogo kuliko wanaume, kumbe nafuu wanayoipata ni kubwa, pengine sawa na ya wanaume au kuizidi. Tatizo ni pale walipoanzia. Mwanamke hufika kwa daktari amechelewa, amekwisha kuzoea kuchechemea, na misuli ya makalio inayoshikilia kiuno kisiyumbe imekwisha kunywea. Tangu mwanzo ana misuli michache kuliko mwanaume, kwa hiyo akipoteza kidogo amepoteza kingi.

Mama yangu mkubwa wa Igombe alikaa na maumivu miaka sita. Alichuliwa, akameza diklofenaki za dukani, akaendelea kuinama mchangani kuanua dagaa. Alipobadilishiwa nyonga hatimaye, aliambiwa kwa wiki kumi na mbili asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipandanishe miguu, asigeuze mguu kwa ndani, kwa sababu kichwa cha bandia kinaweza kuchomoka kwenye kikombe. (Masharti haya hutegemea njia aliyopitia daktari, wengine hupewa machache.) Akaitikia. Lakini hospitali haikumuuliza anapikia wapi wala anajisaidia wapi.

Siku ya tatu nyumbani nilimkuta jikoni, yuko kwenye kigoda, magoti yamepita kiuno, anakoroga mboga. Magongo ameyaegemeza ukutani. Nikapiga kelele, naye akanijibu kwa upole, "Sasa mwanangu, nani apike?" Nikamsaidia kuinuka, nikakichukua kile kigoda nikakificha.

Ndiyo maana nasema nusu ya tofauti hii imo mwilini na nusu imo nyumbani. Baba akitoka hospitali, mkewe yupo wa kumkanda na kumletea maji. Mama akitoka, mara nyingi ni mjane, au yeye ndiye aliyekuwa akiwahudumia wote. Kufagia kwa ufagio mfupi, kufua kwenye beseni, choo cha kuchuchumaa: kila kazi ya siku yake inapita katika mkunjo ule ule aliokatazwa. Na tendo la ndoa je? Kwa kawaida huruhusiwa baada ya wiki sita hivi, lakini wanawake wengi wanaona aibu kuuliza, wanabaki na hofu bure.

Kwetu tulianza na choo: kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu. Jiko la mkaa likapandishwa juu ya tofali. Kila asubuhi alishika dirisha akainua mguu kuelekea upande, mara kumi, akipumzika katikati. Mwezi wa nne tangu apasuliwe alitaka kurudi kwenye dagaa zake, nasi hatukumzuia. Binamu yangu alichomeka miti ufukweni na kutandika wavu juu yake, chanja kinachomfika kiunoni, na sasa anaanika akiwa amesimama wima.