Ganzifeldi: jicho likikosa pa kushika

Asubuhi za baridi, ukitoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu, pale Isyonje ukungu hukupokea kabla ya wauza viazi. Safari moja nilikaa siti ya mbele kwenye Costa. Dereva aliwasha taa kamili, akazizima hapohapo, maana zilizidi kuufanya ukungu uwe ukuta mweupe. Nikajaribu kukisia weupe ule uko mita ngapi kutoka kwenye kioo. Nikashindwa. Ungeweza kuwa puani, ungeweza kuwa kule Rungwe.

Hali hiyo, au ndugu yake wa karibu, wanasaikolojia huiita ganzifeldi, neno la Kijerumani lenye maana ya "uwanja mzima". Macho yako wazi na mwanga upo wa kutosha, ila kila unapotazama ni rangi ileile, ung'avu uleule, hakuna mstari, kona wala kivuli. Mjerumani Wolfgang Metzger aliichunguza miaka ya 1930.

Jicho halisomi mwanga kama mita ya umeme. Linawinda tofauti: nyeupe inaishia hapa, kijani cha mgomba kinaanzia pale. Tofauti ikikosekana, ubongo hauna pa kuanzia kupima umbali. Hata rangi hupotea. Kaa mbele ya wekundu mtupu uliojaza macho yote, na baada ya dakika chache utaona kijivu, ingawa taa haijaguswa na mtu. Wengine huanza kuona vitu ambavyo havipo.

James Turrell ndiye aliyeigeuza hali hii kuwa sanaa. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1943, akapata leseni ya urubani akiwa na miaka 16, kisha akasoma saikolojia ya utambuzi katika Chuo cha Pomona. Rubani aliyewahi kuingia ndani ya wingu hahitaji kuelezwa habari za Isyonje. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifanya majaribio ya ganzifeldi pamoja na msanii Robert Irwin na mwanasaikolojia Edward Wortz. Baadaye akajenga vyumba ambavyo kona zake zimeviringwa na taa zimefichwa, ukiingia hujui ukuta uko wapi. Hakuna picha wala sanamu. Unachotazama ni mwanga wenyewe. Mwaka 1980, kwenye maonyesho yake New York, kuna walioegemea "ukuta" ambao ulikuwa mwanga tu, wakaanguka, na kesi zikafunguliwa. Sijui msanii gani mwingine anaweza kushtakiwa kwa ukuta ambao hakuujenga.

Ila si kila kazi yake ni ganzifeldi. Vile vyumba vyake vyenye tundu darini la kutazamia anga vina ukingo, na ukingo ndio unaofanya kazi: anga huonekana kama kitambaa kilichotandazwa juu ya tundu. Hata Roden Crater, volkano iliyozimika Arizona aliyoinunua mwaka 1977 na ambayo bado anaijenga, inategemea ukingo. Ukilala chali ndani ya kreta, mbingu huwa kama kuba lililoegemea mdomo wa mlima. Kwa aliyewahi kupanda hadi kreta ya Ngozi, huku kwetu Mbeya, mdomo wa namna hiyo si mgeni, ila kreta yetu ina ziwa ndani yake.

Siku ile ndani ya Costa, kwanza lilitokea doa la bluu. Likawa ndoo. Ndoo ikaota mkono, kisha sauti: "Viazi, mama, viazi!" Ukungu ulikuwa hatua tatu tu kutoka dirishani.